Je, wajua kwa nini wanafizikia huipa superkondakta oksijeni nzito?

Superkondakta hupitisha umeme bila ukinzani wowote ikishapoa chini ya joto lake la mpito. Kwa zebaki, joto hilo ni kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ili hali hiyo itokee, elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, lazima ziungane mbilimbili. Katika metali, mshenga wao ni mtetemo wa fuwele: elektroni ikipita huvuta kidogo atomu zenye chaji chanya, na kwa kuwa atomu ni nzito, huchelewa kurudi mahali pake. Pale atomu zilipokaribiana huvutwa elektroni ya pili.

Mwaka 1950 jambo hili lilipimwa kwa isotopu za zebaki, yaani atomu za zebaki zenye uzito tofauti. Zilizo nzito hutetemeka polepole, na joto lao la mpito lilionekana kuwa chini zaidi, takriban kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha uzito.

Mwaka 1987 ikaja kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, YBa₂Cu₃O₇, yenye joto la mpito la kelvini 93. Je, mshenga ni yuleyule? Badilisha oksijeni-16, ile ya kawaida, kwa oksijeni-18, isotopu nzito zaidi. Kama kila kitu kingetegemea mtetemo wa oksijeni, joto la mpito lingeshuka kwa kelvini 5 hivi. Hushuka kwa chini ya kelvini 1!

Kipimo hiki kinadai uangalifu mkubwa. Kauri hii ikipashwa moto hupoteza oksijeni, na upungufu huo peke yake unaweza kushusha joto la mpito hadi karibu kelvini 60. Kwa hiyo kipande kimoja hukatwa nusu mbili. Moja huokwa katika gesi ya oksijeni-16, nyingine katika oksijeni-18, kwa joto, shinikizo na kasi ileile ya kupoza. Kisha hupimwa uzito: oksijeni yote ikibadilika, kipande huongezeka asilimia 2.1. Ongezeko likipungua hapo, ubadilishaji haujakamilika na matokeo yatadanganya. Mwisho oksijeni-16 hurudishwa, na joto la mpito linapaswa kurudi lilipokuwa.

Hata hivyo ni makosa kumtupa mshenga wa zamani. Sehemu ya itriamu ikibadilishwa kwa praseodimiamu, joto la mpito hushuka, na athari ya oksijeni nzito hukua kwa mara kadhaa. Elektroni bado zinaushika mtetemo; wengi wanaotafuta mshenga mkuu wa kauri hii sasa wanachunguza usumaku wa atomu za shaba.