Chura hunywa kwa ngozi, ndiyo maana chumvi humuua

Masika yakianza, huwa naulizwa swali lilelile: chura kaingia bafuni, nimmwagie chumvi? Wengi hawangoji hata jibu. Fiziolojia ya amfibia ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi sasa, na bado moyo huniuma nikikuta kizingiti kimetapakaa chumvi na chura amejikunja katikati yake. Watu huamini chumvi humfukuza. Ukweli ni kwamba humkausha angali hai.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Akiwa na kiu hulaza tumbo kwenye udongo uliolowa au kwenye kidimbwi, na ngozi ya chini ya tumbo na mapajani, iliyo nyembamba na yenye mishipa tele ya damu, huvuta maji. Ngozi hiyohiyo humsaidia kupumua. Sasa, maji yakipita kwenye ngozi ya namna hiyo hufuata upande wenye chumvi nyingi. Kwenye kidimbwi cha mvua, damu ya chura ndiyo iliyokolea zaidi, basi maji humwingia bila taabu. Ukikoleza upande wa nje, mlango uliokuwa wa kuingizia maji unakuwa wa kuyatolea.

Dripu ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Maabara tukitaka kuhifadhi msuli au ngozi ya chura tunatumia gramu 6.5 hivi, kwa sababu damu yake ni nyepesi kuliko yetu. Bahari ina gramu 35 hivi. Na ile chumvi ya jikoni ukimrushia, huyeyukia kwenye ute unaomfunika na kuwa maji makali kuliko ya bahari. Maji yanamtoka, sodiamu iliyomo kwenye chumvi inamwingia. Hata mkojo haumsaidii: figo za chura haziwezi kutoa mkojo uliokolea kuliko damu yake, kwa hiyo hawezi kuitoa chumvi bila kupoteza maji ambayo tayari hana.

Yupo mmoja aliyeipatia bahari dawa. Kwenye mikoko ya kusini mashariki mwa Asia anaishi chura mla kaa, Fejervarya cancrivora. Mwaka 1961 Malcolm Gordon na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya Thailand: wakubwa walistahimili hadi gramu 28 kwa lita, na viluwiluwi hadi 39, kupita bahari yenyewe. Chura huyu haifukuzi urea yote, ile taka ya mwili, kwenye mkojo. Huilimbikiza mwilini mpaka damu yake ikolee kiasi cha maji yanayomzunguka, au zaidi kidogo, na hapo maji hayana sababu ya kumtoka. Papa hufanya vivyo hivyo. Ile harufu kali ya nyama ya papa iliyokaa, unayoisikia sokoni, ni amonia itokanayo na urea hiyo. Viluwiluwi wa chura huyu hutumia njia nyingine: husukuma chumvi nje kwa matamvua, kama samaki wa baharini.

Vyura wengine karibu wote bahari kwao ni ukuta. Ndiyo maana Mayotte, huko visiwa vya Komoro, hunistaajabisha. Kisiwa kilizaliwa na volkano, hakikuwahi kuungana na bara, na kina aina mbili za vyura wenye asili ya Madagaska. Bila shaka mababu zao walivuka juu ya magogo na majani yaliyosombwa na mafuriko. Walipopewa majina ya kisayansi mwaka 2019, mmoja aliitwa Boophis nauticus, yaani baharia.

Lakini msidhani chumvi ni adui tu. Ngozi ya chura kutwa huvuta sodiamu kidogokidogo kutoka kwenye maji matamu, na kazi hiyo ikikoma anakufa. Hivyo ndivyo kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi za vyura, anavyoua: huharibu ngozi, sodiamu na potasiamu zinashuka kwenye damu, moyo unasimama. Mwaka 2003 kuvu huyo alikutwa kwa vyura wa korongo la Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania, ambao tayari walikuwa wamepunguziwa manyunyu ya maporomoko yao na mradi wa umeme. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Basi wa bafuni kwako mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke kwenye majani. Ukimshika, lowesha mikono kwanza na isiwe na sabuni. Kama kashamwagiwa chumvi, mmiminie maji matamu mengi, polepole, kisha mwache kivulini penye unyevu. Wapo wanaosema chura wa mlangoni katumwa. Zima taa ya nje usiku mmoja uone: wadudu wanaoizunguka ndio waliomwita.