Ureno hawajahalalisha unga

Jana kwenye kijiwe cha kahawa Ilala, kashata bado iko mdomoni, nikasikia tena: "Ureno bwana, unga ni halali, unavuta polisi anakuangalia." Mzee mwenye birika akatikisa kichwa kukubali. Nimechoka kunyamaza: Ureno wamemwondolea jinai mtumiaji wa unga, yaani dawa za kulevya, hawajauhalalisha.

Kuondoa jinai maana yake kitendo kinabaki marufuku, ila anayekifanya hapandishwi kizimbani wala hafungwi. Kuhalalisha maana yake kitendo ni ruksa, kina duka, leseni na kodi. Basi.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyolitumia hili neno "halali". Ni la Kiarabu, na mzizi wake huko unabeba maana ya kufungua, kama mtu anavyofungua fundo. Msafiri akifungua mizigo ya ngamia ndipo ametua, na "mahali" letu nalo limetoka kwenye mzizi huohuo. Kwa hiyo ukisema kitu kimehalalishwa, unasema fundo limefunguliwa lote. "Jinai" nayo ina kisa chake: kitenzi chake kwa Kiarabu ni kuchuma, tunda kwa mfano, na hichohicho ni kutenda kosa. Mtu kachuma, na alichochuma kinamponza.

Sasa Wareno. Tangu Julai 2001, ukikutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe siku 10, ambacho kwa heroini jedwali lao limeweka gramu 1, polisi anakunyang'anya, anakuandikia, na unaitwa mbele ya tume ya watu watatu. Hao wanakuuliza umeanza lini, unaishi na nani, unataka tiba? Wanaweza kukutoza faini au kukuacha uende. Hakimu hayupo. Lakini aliyekuuzia anasubiriwa na kifungo cha miaka 4 hadi 12. Fundo gani hapo limefunguliwa?

Uholanzi ndiyo inachanganya zaidi. Kuuza bangi bado ni kosa kwenye vitabu. Waendesha mashtaka wameamua tu kutomgusa mwenye mkahawa anayemuuzia mtu mzima gramu zisizozidi 5. Mlango wa mbele unavumiliwa, huku mzigo unaoingia mlango wa nyuma kwa miaka mingi umekuwa haramu kama kawaida. Waliohalalisha bangi kweli ni Uruguay mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali. Kitita cha mirungi upande wa Kenya ni zao la biashara, mkulima anajivunia. Kivushe Namanga, hatua chache tu, kitita kilekile, majani yaleyale, na huku kwetu ni dawa za kulevya na wewe ni mtuhumiwa. Kumwambia askari wa Longido kwamba umekinunua kihalali hakutakusaidia kitu, ingawa hujadanganya.

Jamaa wa kijiweni aliponiona nimekunja uso akaniuliza, "Sasa kaka, si ni kitu kilekile? Jela hawaendi." Wanaouza wanaenda, nikamwambia. Wewe sema "Ureno mtumiaji hafungwi", maneno matatu tu. Akayarudia polepole, akaongeza la nne: "kirahisi". Nikamwachia.