Ukitaka Kuuelewa Ukristo, Anza na Jumapili

Kwa sisi tunaofundisha masomo ya dini, ombi linalotufikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nielezeni kwa kifupi, Wakristo wanaamini nini na wanakatazwa nini?" Anayeuliza hutazamia orodha ya amri. Amri zipo, lakini anayeanzia huko anaingia nyumba kwa mlango wa uani. Ukristo ulianza kama habari, na neno Injili asili yake ni "habari njema". Habari yenyewe ni ya Yesu wa Nazareti, Myahudi aliyesulubiwa Yerusalemu karibu na mwaka 30, enzi za liwali Mroma Pontio Pilato, ambaye wafuasi wake walitangaza kwamba Mungu amemfufua siku ya tatu. Miaka ipatayo 25 baadaye mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho bila kuzunguka: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure.

Ndiyo maana ninapenda kuanza na Jumapili. Wafuasi wa kwanza walikuwa Wayahudi walioishika Sabato, yaani Jumamosi. Walichagua kukutana siku inayofuata kwa sababu, kwa mujibu wa Injili, ndiyo siku ambayo alfajiri yake kaburi lilikutwa tupu. Hapa Kiswahili hutuchanganya kidogo. Sisi tunahesabu juma kuanzia Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo kwetu ni ya pili, ilhali Biblia inaiita siku ya kwanza ya juma. Nimeshaona wanafunzi wakitafuta habari za ufufuko kwenye Jumamosi kwa sababu hiyo tu. (Waadventista wa Sabato huabudu Jumamosi kweli, ila kwa hoja nyingine: wanasema amri ya Sabato haikufutwa.)

Mwaka 112 hivi, Plinio, gavana wa Kirumi katika sehemu za kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu watu hawa waliomtatiza. Alipowahoji walisema kosa lao lote ni kukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, kumwimbia Kristo kama mungu, na kuapa kutoiba, kutozini wala kuvunja ahadi. Kama miaka 40 baadaye, Yustino, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, alieleza ibada ya Jumapili kwa undani zaidi: yanasomwa maandiko, kiongozi anahubiri, wote wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa na kushukuriwa, kila mmoja anapokea, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwapo. Kisha wenye uwezo hutoa walichonacho, na fungu hilo huwaendea yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ukiingia leo katika kanisa la Kikatoliki, la Kiorthodoksi, la Kianglikana au la Kilutheri, mpangilio huo utautambua.

Katika mengi ya makanisa hayo utasikia pia watu wakikiri imani kwa pamoja. Kanuni ya Imani ya Nikea ilianzia kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu, wa maaskofu uliofanyika Nikea mwaka 325, ikakamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, na chanzo chake ni ugomvi. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkuu kuliko wote, lakini kiumbe. Maaskofu walikataa. Wakasema Mwana ana umungu mmoja na Baba, na walikuwa na sababu: ikiwa Yesu ni kiumbe, basi Wakristo waliokuwa wakimwimbia tangu alfajiri zile za Plinio walikuwa wakiabudu kiumbe.

Hapo tunafika kwenye fundisho la Utatu, nalo ndilo wengi hujikwaa, wakiwamo Wakristo wenyewe. Kanisa linafundisha Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Halifundishi miungu watatu. Mfano unaopendwa sana madarasani ni wa maji, barafu na mvuke: kitu kimoja, sura tatu. Samahani kwa walimu wanaoutumia, lakini huo unafanana mno na mafundisho ya Sabelio, yaliyokataliwa tangu karne ya tatu. Kwake, Mungu ni mmoja anayebadili sura, mara Baba, mara Mwana. Basi Yesu alipoomba bustanini usiku wa kukamatwa, alikuwa akiongea na nani?

Umwilisho ni upande wa pili wa imani hiyohiyo. Mwana alifanyika mtu kamili, akaona njaa, akalia, akafa. Wakristo wanaamini kifo hicho kiliwapatanisha wanadamu na Mungu, na kwamba wokovu ni neema, zawadi isiyonunuliwa. Neema hiyo na matendo mema vinahusianaje? Swali hilo liliigawa Ulaya baada ya Martin Luther, mtawa Mjerumani, kutoa hoja zake mwaka 1517. Ilichukua hadi mwaka 1999 kwa Wakatoliki na Walutheri kutia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hilo.

Ubatizo ndio mlango wa kuingilia. *Didake*, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaagiza kubatiza katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Ikiwa haiwezekani katika ya baridi, ya moto. Yakiwa haba, mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ninaipenda ruhusa hiyo iliyotolewa mapema hivyo, maana hadi leo Wabaptisti na Wapentekoste wanasisitiza kuzamisha, tena mtu mwenye kujiamulia, huku wengine wakimimina maji kwenye paji la mtoto mchanga. Jeshi la Wokovu halibatizi kwa maji kabisa.

Mkate na divai vina majina mengi: Ekaristi, Meza ya Bwana, Ushirika Mtakatifu. Wakatoliki na Waorthodoksi wanaamini vinakuwa mwili na damu ya Kristo kweli. Walutheri wanasema Kristo yumo kweli pamoja na mkate na divai. Wengine wengi huviona kama ukumbusho. Mengineyo, yaani kusoma Biblia, kufunga, kuungama, kusali Baba Yetu, hutofautiana kwa uzito kutoka dhehebu hadi dhehebu.

Jumapili kubwa kuliko zote ni Pasaka: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake, hivyo haitangulii 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Waorthodoksi wengi huihesabu kwa kalenda ya zamani na mara nyingi huchelewa, ingawa mwaka 2025 wote walikutana tarehe 20 Aprili. Katika makanisa mengi kesha lake huanza gizani. Taa zote zimezimwa, mshumaa mmoja unawashwa, na moto unapitishwa kutoka mkono hadi mkono mpaka nyuso zinaonekana. Kwa Waorthodoksi padri hupaza sauti: "Kristo amefufuka!" Na watu, kila mmoja na mshumaa wake, hujibu: "Kweli amefufuka!"