Kidonda cha Ngozi Kisichopona: Maelezo kwa Wakazi wa Malindi

Tunapoikaribia tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, ni wajibu wetu kueleza jambo ambalo wagonjwa wengi hutufikia wakiwa wamechelewa nalo: saratani ya ngozi.

Miale ya jua isiyoonekana kwa macho hupenya katika seli za ngozi na kuharibu vinasaba vinavyoielekeza seli igawanyike lini na ikome lini. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, na seli iliyoharibika kupita kiasi hufa yenyewe. Lakini jeni inayosimamia kazi hiyo, iitwayo p53, nayo huharibiwa na jua. Ikishaharibika, seli mbovu huendelea kuzaana, kasoro zikarundikana, na baada ya miaka mingi ikawa saratani. Kwa hiyo jua lililompiga mtoto ufuoni huhesabika katika ngozi yake ya utu uzima. Weusi wa ngozi ni kinga kubwa, ijapokuwa mweusi naye achunguze nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, humtokea pasipo kuhusiana na jua. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, na Malindi iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta.

Mara nyingi saratani inayoletwa na jua huanza na gamba kavu sikioni, shingoni au kwenye mdomo wa chini. Likibanduka hutoa damu, kisha hurudi palepale. Wapo wanaoshikilia kwamba kidonda kikiguswa na kisu ndipo saratani husambaa. Si kweli hata kidogo, na inaumiza kuona watu wakiificha miezi kadhaa kwa imani hiyo. Kipande kidogo hukatwa kwa ganzi na kupelekwa maabara. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji mdogo hutosha.

Mafuta ya kukinga jua hutolewa bila malipo kwa wenye ualbino waliosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mhusika hufanyiwa kwanza tathmini katika hospitali iliyoidhinishwa, na ripoti ya tathmini hiyo ndiyo msingi wa usajili. Mtoto husajiliwa kupitia mzazi au mlezi wake. Mafuta hayo hayauzwi, wala si ya kumgawia jirani anayetaka kung'arisha uso. Hupakwa kabla ya kutoka nyumbani na kurudiwa kila baada ya saa mbili, hata siku za mawingu ya kusi, kwa kuwa miale mingi hupita mawinguni. Nguo ya mikono mirefu na kofia ya ukili yenye ukingo mpana huvaliwa pamoja na mafuta, si badala yake.

Anayekuja kuchukua mafuta akiwa na kidonda kilichozidi wiki nne amweleze mhudumu siku hiyohiyo, asingoje mgao unaofuata.