Je, wajua kwa nini PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, peke yake haitoshi kwa mapitio ya tafiti kuhusu sera za afya?

Anayetaka kujua kama dawa fulani inashusha shinikizo la damu anaweza kuanzia PubMed, akaongeza Embase, nayo ya makala za tiba, na hifadhidata ya majaribio ya tiba ya Cochrane, na akawa amefika mbali. Wanaozijaribu dawa huandikia majarida ya tiba, na majarida hayo yamo humo. Akiuliza kama kodi ya vinywaji vyenye sukari inawafanya watu wanywe kidogo, njia hiyohiyo itamwacha katikati ya safari.

Sababu kubwa ni waandishi wenyewe. Kuhusu kodi hiyo huandika madaktari, lakini pia wachumi, wanasheria, wataalamu wa siasa na maofisa wa serikali. Kazi nyingi za wachumi utazikuta EconLit, hifadhidata ya uchumi, na kabla ya kufika jaridani huenda zilikaa miaka kadhaa zikiwa maandiko ya awali kwenye tovuti za taasisi zao. Ripoti ya wizara ya fedha huenda isiingie jarida lolote, ingawa ndiyo yenye takwimu za mauzo unazozihitaji.

Kisha kuna maneno. Daktari ataandika unene na kisukari. Mchumi ataandika mwitikio wa mahitaji kwa bei, na muhtasari wake usitaje ugonjwa hata mara moja. Hata neno sera lenyewe halikamatiki: huyu anaita mageuzi, yule ruzuku, mwingine kanuni au motisha. Istilahi za MeSH, yaani maneno rasmi ya kupangia na kutafutia makala, zinazopangwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, husaidia sana, ila zilijengwa kwa ajili ya tiba kwanza.

Nchi nayo ina uzito wake. Kodi hutegemea sheria, soko na nguvu ya wakusanyaji wake kuliko dawa inavyotegemea mahali inapomezwa. Ndiyo maana naona ni kosa zito kuziacha hifadhidata kama LILACS, ya Amerika ya Kilatini na Karibi, na African Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani, eti kwa kuwa matokeo yake ni machache. Hayo machache huenda huyapati kwingine.

Mwaka 2005 watafiti Trisha Greenhalgh na Richard Peacock walieleza katika jarida la BMJ walivyopata vyanzo 495 vya mapitio yao kuhusu namna ubunifu unavyoenea katika huduma za afya. Utafutaji uliopangwa tangu mwanzo ulileta asilimia 30 tu. Asilimia 51 ilitokana na kufuata marejeo: unashika makala moja nzuri, unaangalia imewataja nani, halafu nani wameitaja baadaye. Vingine vilitokana na ujuzi wao wenyewe na kuwauliza watu wanaolijua jambo.

Basi unachaguaje? Mimi huanza na makala tano au sita ambazo tayari najua zinahusika, zilizoandikwa na watu wa fani tofauti. Naingia kila hifadhidata na kuangalia zipi zimo na zipi mkakati wangu wa maneno unazinasa. Iliyomo lakini haikunaswa inanionyesha neno nililosahau. Isiyomo kabisa naitafutia ilikochapishwa, na hapo ndipo naongeza chanzo kipya, nikiandika jina lake, tarehe ya kutafuta na maneno yote niliyotumia, kama PRISMA, mwongozo wa kuripoti mapitio ya tafiti, unavyodai.