Mtoto Akiharibu Mali ya Jirani, Mzazi Analipa Lini?

Migogoro ya aina hii mkoani Tabora ina sura zinazojirudia. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga huko Igunga wakiwa na mchungaji wa miaka kumi na mmoja. Watoto wamewasha moto wa kuwinda panya, ukasambaa hadi kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, la jirani huko Urambo. Mjini, jiwe la manati limepasua kioo cha gari. Kikao kikikaa, hoja ya kwanza ni ileile: mtoto ni wako, lipa. Kisheria hoja hiyo peke yake haitoshi, na ni vema pande zote mbili zikalijua hilo kabla fedha au ng'ombe hawajabadili mikono.

Tanzania haina sheria ya jumla inayomfanya mzazi alipe kila kinachoharibiwa na mwanawe. Kanuni za madhara, yaani za kudai fidia kwa hasara uliyosababishiwa na mtu mwingine, tunazotumia mahakamani zilitoka Uingereza, zikapokelewa hapa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, mzazi hulipa kwa kosa lake yeye, yaani alichofanya au alichoacha kufanya. Undugu wa damu hauzai deni.

Mahakama za Uingereza zimetoa mifano miwili inayosaidia kuona mpaka ulipo. Yote inahusu majeraha ya mwili, lakini kanuni yake inafaa pia kwa mali. Katika shauri la Donaldson dhidi ya McNiven la mwaka 1952, baba alimruhusu mwanawe kutumia bunduki ya upepo ndani ya chumba cha chini ya nyumba tu, naye alikuwa na sababu ya kuamini kwamba atatii. Mtoto aliitoa nje na kumjeruhi mwenzake, lakini baba hakuwajibishwa. Mwaka 1959, katika shauri la Newton dhidi ya Edgerley, baba alimwachia mtoto wa miaka 12 bunduki bila kumfundisha namna ya kuishika penye watu wengine. Huyo aliwajibishwa. Hukumu hizi hazizifungi mahakama zetu, ila zinaweza kuzishawishi. Maswali yake ndiyo utakayoulizwa: kifaa kilikuwa cha hatari kiasi gani? Mtoto ana umri gani? Ulimwelekeza nini? Je, ulikuwa umeshapewa taarifa kwamba anafanya hivyo? Mzazi aliyeambiwa na majirani mara mbili kuhusu manati, akanyamaza, yuko pabaya kuliko aliyeshtukizwa.

Mambo hubadilika mtoto anapokuwa ametumwa. Ukimtuma kijana wako dukani kwa pikipiki naye hana leseni, akagonga kibanda cha mtu, unadaiwa kama mtu uliyemtuma na kama mtu uliyemkabidhi chombo asichostahili kukiendesha.

Suala la mifugo ndilo linalovuruga vikao vingi. Ng'ombe wakila shamba, anayewajibika ni mwenye ng'ombe, awe amewachunga mwenyewe au amemtuma mtoto. Kujitetea kwa umri wa mchungaji hakusaidii. Vilevile, kama mchungaji ni mtoto wa familia nyingine aliyechukuliwa kwa ujira, mwenye mifugo asimgeukie mama wa mtoto yule amlipe. Tena kama mtoto hajatimiza miaka 14, umri wa chini wa kufanya kazi kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mwenye mifugo ana kosa jingine la kujibu.

Kwenye hasara ya mazao, madai mengi huanguka kwenye hesabu. Mwenye shamba husema ekari nzima imekwisha, na anapoulizwa amepimaje, hana jibu. Mwite afisa ugani na mtendaji wa kijiji ndani ya siku mbili au tatu, kabla mvua haijafuta nyayo na mashina hayajachipua. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 huwa karibu mashina 18,000 kwa ekari. Kwa hiyo mashina 900 yaliyoliwa ni sehemu moja ya ishirini ya ekari. Hesabu mashina mstari kwa mstari, piga picha, kisha kadiria mavuno kwa kutazama kipande kisichoguswa cha shamba hilohilo. Katika thamani hiyo toa gharama ambazo hutaingia tena, kama kuvuna na kusafirisha. Kama msimu bado unaruhusu kupanda upya, dai mbegu, mbolea, vibarua na upungufu wa mavuno kwa kuchelewa. Usikae ukingoja msimu upite ndipo udai mavuno yote, kwa sababu sheria inakutaka upunguze hasara pale unapoweza. Kwa kioo, bani au kibanda, tunza stakabadhi. Hasara yenye kiasi maalumu lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe.

Tahadhari kubwa ni karatasi ya makubaliano. Mzazi akisaini kwamba atalipa, deni linakuwa lake kwa mkataba, hata kama awali asingewajibika. Soma kwanza: je, unasaini kama shahidi au kama mlipaji? Kiasi kimetokana na tathmini ipi? Saini ya mtoto wa chini ya miaka 18 haimfungi kwa mkataba. Na saini iliyotolewa kwa vitisho inaweza kupingwa mahakamani.

Vitisho hivyo mara nyingi huja pale mtoto anapokimbia na mzazi kukamatwa badala yake. Hilo ni kinyume cha sheria, kwa kuwa jinai haihamishwi kwenda kwa mtu mwingine. Kwa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 anayo tu ikithibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lile halifai. Akishtakiwa, kesi husikilizwa katika mahakama ya watoto, mzazi na afisa ustawi wa jamii wakiwepo.

Mapatano yakishindikana, chagua mahakama kwa uangalifu. Mahakama ya Mwanzo inaweza kupokea dai linalosimama juu ya sheria za kimila, lakini dai la uzembe linalotegemea kanuni za Uingereza lianzie Mahakama ya Wilaya. Hati ya madai ieleze mzazi alikosea nini. Kuandika tu kwamba yeye ni baba kutaliua shauri. Unaweza kumshtaki mtoto mwenyewe, ila Amri ya 31 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka mahakama imteulie mtu mzima wa kumwakilisha, na mwakilishi huyo halipi deni kutoka mfukoni mwake. Hukumu bila uwakilishi huo inaweza kutenguliwa.

Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka mitatu tangu siku ya tukio. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watakusikiliza na kukuelekeza bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani. Ukienda kwao, beba tathmini ya afisa ugani, picha, na nakala ya karatasi yoyote uliyokwisha kusaini.