Kabla hujachora uso wa mtu, kaa nae kwanza

Wengi wakija kwenye madarasa yetu ya kuchora watu wananiuliza pua inachorwaje, vidole vinachorwaje, na mi huwa nawawekea kwanza picha ya mchoraji wa Urusi Ilya Repin, Wavuta Matishali wa Mto Volga (tishali ni mashua kubwa ya mizigo), kaianza 1870 akaimaliza 1873, sasa hivi ipo Makumbusho ya Urusi kule St Petersburg. Watu 11 wamejifunga mikanda kifuani wanavuta tishali wakitembea ufukweni, kazi ya punda kabisa, na ukiangalia mbali kule nyuma kuna moshi wa stima, yani mashine zimeshafika na binadamu bado anavuta.

Repin alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo cha Sanaa cha Kifalme alipowaona watu hawa mara ya kwanza, alikuwa matembezini mto Neva unaopita St Petersburg, wakapita na matambara yao mbele ya mabinti waliopendeza. Akataka kuchora vyote pamoja, mabinti huku, hohehahe kule. Rafiki yake Fyodor Vasilyev, mchoraji wa mandhari, akamwambia hapana hiyo inaonekana imepangwa, waache wavutaji peke yao. Huo ushauri mi nauthamini sana. 1870 wakaenda wote Volga, wakakaa kijiji cha Shiryaevo karibu na Samara.

Huko ndo akakutana na Kanin, padri wa zamani aliyevuliwa upadri, Repin akamganda kabisa, akawa anatembea nae pembeni, anapiga nae stori, anausoma uso wake, kumchora kukaja baadae. Ndo maana Kanin pale mbele na kitambaa chake kichwani hakai kama mfano wa maskini, ni mtu mwenye akili zake, unahisi kuna kitu anawaza.

Sasa angalia mwili. Mabega yametangulia miguu, mikono inaning'inia tu haina kazi, kifua kimelalia mkanda, ukiukata huo mkanda anaanguka kifudifudi. Wanafunzi wengi wakichora mtu anayevuta kitu wanamjaza misuli mikononi, wakati hapa kinachovuta ni uzito wa mwili mzima, na Repin kalijua hilo kwa kuwaangalia siku nyingi, pale darasani modo anakaa kapumzika hawezi kukuonyesha. Katikati yupo kijana Larka, shati lake limechanika lina wekundu, yeye kanyanyuka, kashika mkanda kama anataka kuuvua. Wenzake wengi wameinama, kwa hiyo jicho lako linaenda kwake bila kuambiwa.

Wiki hii tafuta anayesukuma mkokoteni, muombe ruhusa, ongea nae kidogo, halafu mchore kwa penseli dakika 2 tu akiwa kazini. Uso uache kwanza, anza na mstari mmoja kutoka kisigino mpaka begani.